Malalamiko Yasiyojibiwa Ndiyo Yaletayo Mgomo

Na Mfanya Kazi wa Reli



Kila mara mgomo utokeapo, wakubwa wa kazi husema umeletwa na wachochezi, nasi husema umeletwa na mshahara mdogo. Mimi naona maneno yote mawili yamepungukiwa. Mshahara mdogo ni jambo la kweli, na wachochezi pengine wapo, lakini watu wetu wameweza kuvumilia mshahara mdogo miaka mingi bila kuweka nyundo chini. Jambo linalowashinda kuvumilia ni kunyamaziwa. Mtu ameleta shauri lake kwa adabu, akaambiwa "ngoja". Akangoja, akarudi, akaambiwa "ngoja" tena, na yule aliyemwambia hivyo hata hakumbuki shauri lenyewe lilikuwa la nini. Siku ile ndiyo mgomo umeanza, ijapokuwa watu hawatatoka kazini mpaka miezi sita imepita.

Nataka kusema juu ya viongozi na jinsi wawezavyo kuamua ugomvi kazini. Nisemapo viongozi sina maana ya mameneja peke yao. Nyapara ni kiongozi, foremani ni kiongozi, mjumbe wa chama katika karakana ni kiongozi, na katibu wa tawi ni kiongozi. Hawa wote hukutana na ugomvi kila juma, na wengi wao hawakufundishwa neno lo lote juu yake. Walifundishwa kazi ya chuma, au kazi ya karatasi, kisha siku moja wakapewa watu. Basi wengine hudhani kuamua ugomvi ni kupiga kelele kuliko wagomvi, na wengine hudhani ni kucheka na kila mtu. Kwa maoni yangu kazi yao iliyo kubwa kuliko zote ni kumrudishia jibu aliyeuliza, upesi, mbele ya uso wake, hata kama jibu lenyewe ni "hapana".

Watu wa reli watanielewa mara moja. Katika njia moja, treni haitoki stesheni mpaka stesheni masta ameiuliza stesheni ya mbele kama njia ni tupu, na amejibiwa. Ikiwa stesheni ya mbele yasema njia bado haijawa tupu, dereva hungoja, pengine saa nzima, wala hagombani na mtu, maana ajua angojea nini. Lakini stesheni ya mbele isipojibu kabisa, hapo dereva hushuka, gadi hushuka, abiria hutoa vichwa madirishani, na kila mtu huanza kusema lake. Treni ni ile ile na saa ni ile ile. Kungoja ukijua sababu na kungoja usijue sababu ni mambo mawili mbali mbali.

Tuitazame Mombasa, kwani habari zake zaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka wa 1939 makuli wa bandarini na wafanya kazi wengine wa mji ule waligoma. Serikali ikaweka tume, mkuu wake Bwana Willan, ikasikiliza habari za nyumba na kodi na mishahara, kisha ikaandika taarifa yake. Mwaka wa 1945 manung'uniko yakazidi tena, na watu wa reli walikuwa mstari wa mbele, ikawekwa kamati nyingine, mkuu wake Bwana Arthur Phillips. Nayo ikasikiliza, ikaandika. Kisha tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ukasimama. Watu kama 15,000 waliacha kazi, wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, hata maboi wa nyumbani, wakawa wakikutana kila siku katika Kiwanja cha Maskini kusikilizana. Mgomo ule ulikaa siku 12. Ulikwisha baada ya Bwana Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la kutunga sheria, kwenda kusema na watu, na ahadi ikatolewa ya kwamba mahakama maalum ingechunguza mambo yao.

Sisemi kwamba zile tume za kwanza hazikuleta faida yo yote. Lakini fikirini kuli aliyesimama mbele ya tume akaeleza chumba chake kilivyo, na watu wangapi hulala ndani yake, na kodi yake ni kiasi gani. Taarifa iliandikwa kwa Kiingereza, ikapelekwa kwa Gavana. Yule kuli aliyeulizwa ndiye mtu wa mwisho kujibiwa, kama alijibiwa. Na mtu aliyeulizwa maswali mengi kisha asipewe jibu hukasirika kuliko yule asiyeulizwa kabisa, kwa sababu sasa ajua ya kuwa wamesikia.

Tena lilifanyika kosa jingine. Katika mgomo ule ulizaliwa umoja wa wafanya kazi wa Kiafrika, na Bwana Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Mwezi wa Agosti 1947 Serikali ilimkamata, ikamhamisha mpaka Baringo. Labda wakubwa walidhani wakiisha mwondoa mpeleka habari, habari nazo zitaondoka. Ikawa namna gani? Mwezi wa Machi 1955, wakati wa Hali ya Hatari, makuli wa Mombasa waligoma tena, na safari hii ilikuwa shida hata kumpata mtu wa kuongea kwa niaba yao, maana chama chao kilikuwa dhaifu. Ndipo Bwana Tom Mboya akashuka kutoka Nairobi. Alikuwa kijana wa miaka 24, aliyekuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika kazi ya vyama. Alisema na wakubwa, akasema na makuli wenyewe mbele ya halaiki yao, wakakubali kurudi kazini mazungumzo yakiendelea. Nyongeza iliyopatikana mwisho wake ilikuwa 33 kwa mia.

Watu wengi humsifu Bwana Mboya kwa ile 33 kwa mia. Mimi namsifu zaidi kwa kusimama mbele ya watu wenye hasira na kuwaambia rudini kazini. Hilo ni neno zito. Kiongozi asiyeaminika akilisema atapigwa mawe. Aweza kulisema yule tu ambaye watu wana hakika ya kwamba atakwenda, na atarudi, na akirudi atasema yote aliyoambiwa, mazuri na mabaya.

Tarehe 15 Oktoba 1962, Bwana Mboya akiwa Waziri wa Kazi, Serikali na umoja wa waajiri na umoja wa vyama vya wafanya kazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano Kazini. Pande zote zilikubali kwamba ugomvi utaamuliwa kwanza kwa mazungumzo, kisha kwa upatanishi, kisha kwa hukumu ya msuluhishi, kabla watu hawajagoma na kabla mwajiri hajafunga mlango wake. Tangu hapo sheria zimebadilika mara nyingi. Sheria tulizo nazo sasa ni za mwaka wa 2007, na Katiba ya 2010 kifungu cha 41 yampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa sawa kazini, na ya kuingia chama, na ya kugoma. Kwa sheria ya 2007 juu ya uhusiano kazini, ugomvi ukishindikana kazini hupelekwa kwa Waziri, naye ana siku 21 za kumweka mpatanishi, na mpatanishi ana siku 30 za kufanya kazi yake. Wakishindwa kupatana, watu wakitaka kugoma ni lazima watoe ilani ya maandishi ya siku 7. Mtu aliyefukuzwa, shauri lake lipelekwe kabla ya siku 90 kwisha; na hili la siku 90 lishikeni sana, maana wengi wamepoteza haki yao kwa kukaa nyumbani wakingoja kuitwa.

Ni sheria nzuri. Lakini hesabuni wenyewe: 21 na 30 na 7 ni siku 58, karibu miezi miwili, tena hapo kila mtu amefanya kazi yake kwa wakati. Mlango ule umewekwa kwa mambo mazito. Ugomvi wa glavu, au wa zamu ya usiku, au wa tusi lililotoka kinywani mwa foremani saa mbili asubuhi, ukifika mpaka kwa Waziri basi mjue kuna viongozi wanne au watano hapa katikati ambao kila mmoja aliuona ukipita akaugeuzia uso.

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia kwa macho, katika kazi moja ya njia ambayo sitaitaja. Genge la watu 14 liliomba makoti ya mvua. Waliomba mwanzo wa mwezi wa Machi, kabla ya masika, tena waliomba vizuri, kwa nyapara wao. Nyapara akasema, "Nitaangalia." Nadhani aliandika karatasi siku ile ile, maana hakuwa mtu mbaya. Mvua ikaanza. Watu wakamwuliza, akasema bado. Wakamwuliza tena, akasema, "Mimi si stoo." Mara ya tatu hakuna aliyemwuliza, naye akafurahi akidhani wamesahau. Watu hawakuwa wamesahau. Walikuwa wanazungumza habari ile wao kwa wao, jioni, na kila jioni hadithi iliongezeka. Mmoja alisema makoti yamekuja yakapewa genge jingine. Mwingine alisema nyapara ameyauza. Hakuna aliyekuwa na hakika, lakini mahali pasipo na jibu uvumi hujenga nyumba.

Mwezi wa Mei asubuhi moja, mvua kubwa ikinyesha, kijana mmoja alikataa kutoka katika kibanda. Nyapara akamwamuru, yule kijana akajibu kwa maneno makali ambayo si vizuri kuyaandika hapa. Nyapara akaandika karatasi ya kumshtaki kwa ukaidi, na wenzake 13 wakaketi chini. Ilipofika saa sita mchana alikuja bwana mkubwa kwa gari, akauliza, "Kuna shida gani?" Na hapa ndipo nataka mtege masikio. Hakuna hata mmoja aliyemwambia habari za makoti. Walisema, "Tunataka karatasi ya yule kijana ipasuliwe." Naye bwana mkubwa akajibu kwamba hawezi kupasua karatasi ya ukaidi, maana akifanya hivyo hakuna nyapara atakayetiiwa tena. Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa zinapigania jambo ambalo asubuhi ile halikuwapo duniani, na lile la mwezi wa Machi lilikuwa limefunikwa kabisa.

Aliyeokoa siku ile ni mjumbe wetu, mzee mmoja asiye na kisomo kingi. Aliomba neno, akamwuliza bwana mkubwa kama angependa kujua ugomvi ulianza lini. Akamtajia mwezi wa Machi. Kisha akaomba mambo mawili yatenganishwe: habari ya makoti isikilizwe leo na jibu litolewe leo, na habari ya kijana isikilizwe kesho kutwa, katika chumba, kijana akiwa na mwenzake wa kumsaidia, na wote wawili, yeye na nyapara, wakiwa wamekwisha lala usiku mbili. Bwana mkubwa akakubali, akapiga simu stoo. Makoti yalikuwapo, ndugu zangu. Yalikuwa yamekaa juma la tatu yakingoja sahihi ya mtu mmoja aliyekuwa likizo. Watu walirudi njiani saa tisa. Kijana naye alionywa, wala hakufukuzwa, kwani ilipofika siku ya kusikilizwa yeye mwenyewe alimwomba nyapara radhi kwa tusi lake, na nyapara akasema mbele ya wote kwamba imekwisha.

Hapo utasema nyapara hakuwa na uwezo wa kutoa koti. Ni kweli. Nyapara amebanwa katikati kama ukuti katika mlango, juu asukumwa na chini asukumwa. Lakini alikuwa na uwezo wa kusema, "Karatasi niliipeleka Jumatatu, imekwama stoo, Alhamisi nitauliza tena na jioni nitawaambieni." Maneno hayo hayana gharama. Wala hayahitaji cheo. Na kwa mambo makubwa kama mshahara, ambayo kweli hayawezi kujibiwa kwa siku moja, basi itajwe siku. Tarehe ni nusu ya jibu. Wakubwa hupenda kutuambia "kawia ufike", lakini mwenye kungoja ana methali yake naye, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Yule mzee alifanya jambo jingine ambalo naona viongozi wengi hawalijui, nalo ni kumtoa mtu mbele ya halaiki kabla ya kumhukumu. Mkubwa akimgombeza mtu mbele ya wenzake, yule mtu hawezi kukubali kosa lake hata akitaka, maana atakwenda nyumbani na aibu. Vile vile mfanya kazi akimtukana mkubwa mbele ya watu, mkubwa hawezi kusamehe hata akitaka. Wote wawili wamefungwa na macho ya watu. Wapelekeni chumbani, au nyuma ya behewa, na mara nyingi mtastaajabu jinsi maneno yanavyopungua.

Na chumbani humo isemwe lugha inayofahamika. Nimeona kikao ambacho mshtakiwa aliketi katikati, wakubwa wakasemezana Kiingereza nusu saa, kisha akasukumiwa karatasi atie sahihi. Aliporudi kazini tulimwuliza ameshtakiwa nini, akasema hajui, ila ameona nyuso zao si nzuri. Jambo hilo si utovu wa adabu tu, ni kinyume cha sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema ya kwamba mwajiri akitaka kumwondoa mtu kwa ajili ya mwenendo mbaya, au kwa kutoweza kazi, au kwa udhaifu wa mwili, sharti kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwapo mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe, na maneno yao wote wawili yasikilizwe. Wajumbe, kifungu hicho kisomeni mpaka mkijue kama namba ya sanduku lenu la posta.

Sasa kuna ugomvi wa namna nyingine, nao ni ule ulio kati yetu wenyewe. Huu hatupendi kuutaja katika gazeti, lakini mimi nitautaja. Ovataimu ikigawiwa, wengine husema kabila la foremani ndilo linalokula. Mtu akipandishwa cheo, vijana husema wazee wamependelewa, na wazee husema kisomo kimependelewa. Wakati mwingine si kweli. Wakati mwingine ni kweli kabisa. Na kiongozi wa chama akiletewa neno hili hukimbilia kusema, "Sisi hatuna ukabila hapa," akadhani amejibu, kumbe amewafunga watu midomo tu, na mdomo uliofungwa mbele ya kiongozi hufunguka kwenye kilabu cha pombe.

Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa habari iliyomo katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. (Ndugu zetu Waislamu wataniwia radhi, nao wana mafundisho yao mazuri juu ya shura.) Katika lile kanisa la kwanza walikuwapo watu wenye lugha ya Kiebrania na watu wenye lugha ya Kiyunani, na chakula kiligawiwa kila siku. Wayunani wakanung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa. Mitume hawakuwaambia kwamba hapa hatuna ukabila. Wala hawakuweka tume. Waliita mkutano, wakawaambia watu wachague wenyewe watu saba wenye sifa njema, wapewe kazi ya kugawa. Tazameni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Upande ule ule ulionung'unika ndio uliokabidhiwa kijiko! Mimi sijaona karakana yo yote iliyothubutu kufanya hivyo. Tukiambiwa kwamba ovataimu yagawiwa vibaya, kwa nini tusimweke mmoja wa walalamikao akae na foremani siku ya kuandika majina? Akiona imegawiwa sawa, yeye mwenyewe atakuwa shahidi kwa wenzake, nao watamwamini kuliko watakavyomwamini katibu. Akiona si sawa, foremani ataona haya mapema, kabla jambo halijawa la ngumi.

Sitawaacha viongozi wa chama chetu wapite hivi hivi. Yuko kiongozi ambaye juu kwa meneja husema, "Watu wangu ni wakaidi, nisaidie niwatulize," na akishuka chini husema, "Meneja ni mkaidi, shikeni imara." Huyu hula pande mbili, na hapendi ugomvi uishe kwa kuwa ukiisha hatakuwa na kazi. Dawa yake ni rahisi: asiende peke yake. Wajumbe waende wawili au watatu, na mmoja awe mtu wa kazi ya mikono ambaye saa ile ile baada ya kikao atarudi karakanani na mafuta mikononi, aulizwe na kila mtu, asiweze kujificha ofisini. Yuko mwingine ambaye ni mwema lakini ni mwoga wa habari mbaya. Akipata nyongeza hupiga baragumu, akinyimwa hupotea siku tatu, simu haishiki. Afadhali kiongozi anayekuja na "hapana" na sababu zake. Wanachama si watoto. Wafanya kazi wa reli wa Tanganyika, mwaka wa 1960, walikaa katika mgomo siku 82. Watu wenye moyo wa namna hiyo hawavunjiki kwa kuambiwa kwamba meneja amekataa. Lakini siku 82 ni siku nyingi kwa mwenye watoto, na kiongozi aliye na haki ya kuwaomba watu wake taabu hiyo ni yule aliyewaletea kila jibu njiani, la kwanza mpaka la mwisho, hata wao wenyewe wakaona kwamba milango mingine imekwisha.

Kuna foremani hujisifu kwamba katika idara yake hakuna malalamiko hata moja mwaka mzima, na wakubwa humpa mkono kwa hilo. Mimi nikisikia hivyo hushika kichwa. Watu 60 wafanye kazi mwaka mzima, katika joto na chuma na zamu za usiku, asiwepo hata mmoja mwenye neno? Ama ni malaika ama wanamwogopa, na malaika hawapandi treni ya saa kumi na moja alfajiri. Afadhali idara yenye malalamiko 30 yaliyoandikwa na kujibiwa kuliko hiyo.

Basi shauri langu, ambalo nataka tawi letu lilizungumze katika mkutano ujao, ni hili. Kila karakana, kila shedi na kila genge liwe na daftari moja, lile la kawaida la watoto wa shule. Pigeni mistari minne. Wa kwanza ni tarehe. Wa pili ni neno lililoletwa, kwa maneno ya aliyelileta, wala yasitengenezwe na mwandishi. Wa tatu ni jina la kiongozi aliyelipokea, akiwa nyapara au mjumbe au foremani, naye atie sahihi yake. Wa nne ni siku aliyoahidi kuleta jibu, na chini yake jibu lenyewe. Siku ikipita mstari wa nne ukiwa mtupu, mjumbe na mwenzake waende kwa mkubwa wa juu yake siku ile ile, na daftari mkononi, bila kelele. Ikitokea baadaye kwamba shauri limefika kwa mpatanishi au mahakamani, daftari hilo litasema vizuri kuliko wakili, maana mwajiri hataweza kusema kwamba hakuambiwa.

Mtu aweza kusema kwamba wakubwa watakataa kutia sahihi. Wengine watakataa. Basi pale pa sahihi iandikwe "alikataa kutia sahihi", na jina lake, na watu wawili waliokuwapo. Wengine watatia wakicheka, wakidhani ni mchezo wa watoto wa shule, na hao ndio nina hamu nao zaidi, kwa sababu mtu akiisha weka jina lake kando ya tarehe huanza kuhesabu siku hata bila kupenda.

Jambo la mwisho ni mahali pa kulikalisha. Lisikae katika ofisi ya mkubwa, wala lisikae nyumbani kwa katibu chini ya godoro. Litobolewe tundu, litiwe kamba, litundikwe kwenye msumari karibu na pipa la maji ya kunywa, ambapo kila mtu hupita mara tatu kwa siku, na penseli ifungwe hapo hapo.